Barabara ya Uwele

Simu ya msiba ilinikuta nikigombana na mteja. Nina duka la vitabu hapa Singida mjini, duka dogo lenye mlango mmoja na vumbi la kutosha maduka matatu, na mteja huyo alikuwa baba wa heshima zake aliyetaka kitabu cha kumfundisha mwanawe kutengeneza modeli: nyumba, madaraja, magari, vile vitu vidogo vinavyofanana na vikubwa vyake. Alikuwa amekwisha kuchagua. Alikumbatia kitabu kinene chenye picha zinazong'aa, na mimi nilikuwa nakataa kumuuzia. "Mama, hiki kitabu ni cha kuuza au cha maonyesho?" aliniuliza. Nikamwambia afungue ukurasa wowote anionyeshe mahali pamoja tu ambapo mtu amekosea: gundi imemwagika, ukuta umepinda, mkasi umekata pasipostahili. Akafunua, akafunua, kila picha safi kama sebule inayosubiri wageni. "Hakuna aliyekosea," akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani ameshinda. "Basi si cha mtu anayeanza," nikamjibu. "Mwanao atakosea kabla hajamaliza chai. Siku hiyo kitabu hiki kitamwambia nini?" Hapo simu ikalia. Alikuwa Zakayo, mtoto wa mama mkubwa wangu wa Ulemo. "Dada Elipendo," akasema, "mama ametutoka." Nikakaa juu ya boksi la vitabu vya hesabu nikalia bila kuficha uso, na yule baba wa watu, asijue aende au abaki, akarudisha kitabu kwenye rafu taratibu, akanunua kalamu moja, akaondoka. Nadhani aliamini nimelia kwa sababu ya modeli. Hakukosea sana.

Tulimzika Ulemo, pembeni ya nyumba yake, na upepo wa kwetu ukapeperusha kanga na hotuba kwa pamoja. Siku ya kumaliza msiba, wakati wanawake tunapanga vyombo ndani, mke wa Zakayo akashusha kitu kutoka juu ya kabati akauliza kama akitupe. Kilikuwa kinyumba cha maboksi, kipana kama mto wa kulalia, bati lake la karatasi za sigara limefifia, na kwenye kuta zake chini kulikuwa na vitobo vidogo vidogo kama vya kudonolewa. "Kirudishe mahali pake!" nikasema, kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. Nje barazani, Mzee Mkumbo, kaka wa marehemu mume wa mama mkubwa, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote akinywa chai. Aligeuka, akakitazama kile kinyumba mkononi mwa mke wa Zakayo, kisha akageukia barabara upesi kama mtu aliyeitwa. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye mwaka wangu.

Habari za ukoo, nani alimzaa nani na nani alihamia wapi, nawaachia wanaozipenda. Inatosha kusema kwamba Mama Zakayo, dada mkubwa wa mama yangu, alifiwa na mume akiwa bado na nguvu zake, na kwamba mwaka niliomaliza kidato cha nne nililetwa kwake kusubiri matokeo. Kusubiri matokeo ni kazi ya ajabu, hufanyi lolote na kila mtu anakuuliza umefikia wapi. Mama mkubwa hakuweza kuishi na mtu wa namna hiyo. Alinipa jembe, akanipa ndoo, akanipa alizeti za kupepeta, na jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda ndani ya tembe yake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, fupi kiasi kwamba kwa majuma ya mwanzo paji langu la uso halikukosa nundu. Ilikuwa na giza zuri, harufu ya moshi na ya mafuta ya alizeti, na mlango mmoja. Mlango huo ndio uliokuwa shida yake yote. Kama milango mingine ya boma lile, ulitazama ndani uani, na ng'ambo ya ua, kwenye kigoda chake, alikaa Mzee Mkumbo. Siku hizo alikuwa mtu wa makamo, mnene wa sauti, ambaye aliamini kabisa kwamba kulinda mlango wa mke wa marehemu ndugu yake maana yake ni kuutazama mchana kutwa. Aliona nani ameingia, kaleta nini, katoka saa ngapi. Tukichinja kuku, aliona hata firigisi imeliwa na nani. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mama mkubwa tangu afiwe alikuwa akiila mwenyewe mlangoni, taratibu, akitazamana naye. "Shemeji," mzee angeita kutoka ng'ambo, "imeiva?" Naye angejibu, "Imeiva, shemeji, asante kwa kuuliza."

Mama mkubwa alikuwa amefyatua matofali ya kuchoma na kuyapanga nyuma ya tembe, tayari kujenga nyumba ya bati. Alitaka mlango wake utazame upande wa pili, kwenye barabara ya vumbi iendayo Kiomboi, na mbele yake baraza la kuuzia chai na maandazi siku za mnada. Yaani boma lingeonekana kwa dirisha dogo la stoo. "Nimekaa kutazamwa miaka yote hii," aliniambia tukipepeta alizeti. "Nataka uzee wangu na mimi nitazame watu wakipita." Alisema hivyo bila kunyanyua uso kutoka kwenye ungo, na nikajua hasemi utani. Lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo, na bila kikao cha wazee kukubali hakuna tofali ambalo lingewekwa. Tena kulikuwa na fundi Jumanne, mwashi mzuri wa mikono, ambaye kila ukimweleza kitu alisema "Nimeelewa, mama," na alikuwa amemjengea mwinjilisti wetu nyumba ambayo mpaka leo wageni hupita chumbani kwake kwenda kunawa. Nikajitia msomi, nikachora ramani ya nyumba kwenye karatasi ya manila. Mzee Mkumbo aliigeuza juu chini, akainamisha shingo, akauliza, "Mbona nyumba imelala?" Fundi Jumanne akasema ameelewa. Hapo mama mkubwa akatoa uamuzi. "Itengeneze ndogo kwanza. Yenye kuta, yenye bati, yenye mlango. Mtu aishike." Nikamwambia sijui kutengeneza kitu kama hicho. "Serikali imekusomesha mpaka kidato cha nne, unashindwa kujenga nyumba ya panya? Kama hujui, tafuta kitabu."

Kitabu! Ulemo ya wakati ule vitabu vilikuwa mahali pamoja, kwenye kabati la usharika, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa Mwalimu Kitundu, mstaafu mrefu aliyetembea kama anaogopa kuikanyaga chaki. Vitabu hivyo vililetwa na wafadhili wa mbali ambao, nadhani, walikuwa wanahama nyumba. Mwalimu alifurahi mno kupata mtu anayetaka kitu mahususi. Alitafuta juu, akatafuta chini, akatoa kitabu kikubwa cha Kiingereza cha kutengeneza modeli. Tukakipeleka nyumbani kimefungwa kwenye kanga kama mtoto. Usiku ule, kwa heshima, hatukukifungua. Asubuhi, baada ya uji, Mwalimu akavaa miwani, akasoma na kutafsiri: "Toa sehemu ya arobaini na saba kutoka kwenye boksi lako." Mama mkubwa akauliza boksi gani. Mwalimu akasoma mbele, akarudi nyuma, akasoma jalada. Kilikuwa kitabu cha kuunga meli za kivita, na kilimtaka msomaji awe tayari amenunua boksi lenye vipande vyote vya meli, rangi zake na gundi yake. "Kwa hiyo," akasema mama mkubwa, "hiki ni cha mtu ambaye meli anayo." Mwalimu akakubali kwa masikitiko. Kila ukurasa alikuwepo mzungu mmoja mwenye kiko akiitabasamia meli iliyokwisha. Hatukumwona hata mara moja akiwa na gundi mkononi, na mama mkubwa akamchukia bila kificho. "Huyu kazi amefanyiwa," alisema.

Cha pili kilitoka mbali. Mwalimu alikuwa na mpwa wake stesheni ya Kintinku, na kwa watu wa reli, alisema, hakukosekani vitabu vya treni ndogo. Kilikuja kwa mabasi, mkono kwa mkono kupitia makondakta, na kilipofika kilikuwa kimewekewa kikombe cha chai juu yake zaidi ya mara moja. Hicho kilikuwa na adabu kidogo. Kilituagiza tukanunue vitu "kwenye duka lililo karibu nawe", na duka lililokuwa karibu nasi liliuza chumvi, betri na vibiriti. Lakini kilieleza skeli vizuri kuliko nilivyofundishwa shuleni, kwamba ukishaamua mtu awe na urefu gani, kila kitu kingine lazima kimfuate mtu huyo. Mama mkubwa aliielewa skeli papo hapo na kuanzia hapo hatukupumua. Mtu, alisema, awe njiti ya kiberiti. Alitengeneza njiti ya kwake, njiti ya Zakayo, njiti ya mchungaji akija kutembelea. Njiti ya Mzee Mkumbo alichagua iliyokwisha kuwashwa. Nilipochora vyumba kwenye boksi akaanza kuwalaza, kuwaamsha na kuwapitisha milangoni. "Mchungaji hapiti hapa," angesema. "Panua." Tulipoweka kitanda cha skeli chumbani kwake, mlango haukufungika. Akakitazama, kisha akanishika bega. "Unaona? Hili fundi Jumanne angelielewa, na mimi ningelala na mlango wazi maisha yangu yote." Sijawahi kusifiwa na mwalimu yeyote nikafurahi kama siku ile.

Lakini kujua ukubwa si kujua kujenga. Kuta zangu zililala kama wagonjwa, pembe hazikukutana, na vitabu vyote viwili vilinyamaza kabisa kuhusu jambo hilo, kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kupatwa nalo. Nililia siku moja, nikatupa mkasi. Mama mkubwa akanituma gengeni nikanunue karanga nitulize roho, na huko ndiko nilikokikuta kitabu. Bibi muuza karanga alikuwa akikichana ukurasa mmoja mmoja kufungia bidhaa yake. Nilifungua kifuko changu, nikawa natafuna, nikaona picha ya kinyumba kilichopinda pembe. Chini yake kumeandikwa Kiswahili chepesi kabisa cha shule ya msingi: utakosea, usiogope, hata mwandishi amekosea, tazama picha ya pili. Nikatazama picha ya pili. Ilikuwa mbaya kuliko kazi yangu! Nikatemea karanga mkononi, nikarudi mbio. "Bibi, shikamoo, nakuomba hicho kitabu." "Marahaba. Na karanga nifungie nini, mjukuu wangu, mikono?" Mwalimu Kitundu aliposikia, alikuja na mitihani ya zamani ya darasa la saba, rundo zima, wakabadilishana. Bibi alilalamika kwamba karatasi za mitihani ni ngumu na zina alama za kukosea nyingi mno.

Kilikuwa kitabu cha kazi za mikono, kisicho na jalada, na nusu yake imekwisha kwenda na karanga. Kwa majuma kadhaa mimi na Mwalimu tulizunguka kijiji tukiuliza watu kama walinunua karanga na karatasi wameiweka wapi. Ukurasa wa kukunja pembe tuliukuta umeziba tundu la dirisha kwa fundi baiskeli, ambaye alitupa na mabaki ya solusheni, ile gundi ya kuzibia mipira ya matairi. Wa kutengeneza bati kwa karatasi za sigara ulikuwa kanisani, ndani ya kitabu cha nyimbo cha mtu ambaye hakutaka kutajwa. Kurasa zote nilizishona kwa uzi mweusi. Sijapata kukipenda kitabu kama kile, na nimeuza vingi. Kilimwandama mtu anayeanza hatua kwa hatua kama mama anayemwandama mtoto anayejifunza kutembea, kikijua kabisa ataangukia wapi. Solusheni ilitosha kuta na bati tu, na ilinuka hata mlenda ukawa na ladha ya tairi. Kwa ajili ya uwanja, yaani boma, uzio, barabara na miti, kitabu kilishauri gundi ya uji mzito. Lakini ukurasa huo tuliupata umechanika, na mstari wa mwisho ulisema hivi: uji huu una adui mmoja, na ili kumzuia changanya na. Basi, hapo karatasi imeisha. Tulibishana sana kuhusu adui huyo. Mwalimu Kitundu alisema ni maji. Mama mkubwa alisema ni panya, na kwa sauti yake ikawa panya. Kila jioni tuliuning'iniza ungo wenye modeli darini kwa kamba, na paka akafungwa chini yake.

Kitabu kilisema tena tutumie vitu vidogo vya mazingira yetu kuonyesha ardhi. Mchanga haukushika kwenye uji. Uwele ulishika vizuri mno. Nani asiyejua uwele, punje ndogo za kijivu, ukizitandaza zinafanana na changarawe kabisa? Nikaitandaza barabara ya Kiomboi yote kwa uwele, nikajenga uzio wa boma kwa punje za mtama, na kigoda cha Mzee Mkumbo kilikuwa nusu ya karanga. Kwenye skeli ile kila kitu kilikuwa wazi kama mchana: boma huku, barabara kule, na mlango mwekundu wa mama mkubwa ukitazama barabara. Jumamosi, kesho yake ndiyo kikao, Mzee Mkumbo akaja kuazima ungo, akaikuta mezani. Akainama. "Na hii ni nini?" "Barabara, shemeji." "Na huyu aliyekaa ni nani?" "Wewe, shemeji." Akaitazama ile nusu karanga muda mrefu. "Mlango umenipa mgongo," akasema. "Wazee watauona kesho," mama mkubwa akajibu, na ingawa alisimama wima niliona vidole vyake vikisokota ncha ya kanga. Alikuwa anajua wazee wakiuona mlango ule hivyo ulivyo, karibu wote wangekataa. Ila hakutaka kuwadanganya. Alitaka wauone, abishane nao, ashindwe au ashinde.

Jumapili tuliiacha modeli mezani ili rangi ya mlango imalizie kukauka, tukafunga mlango wa tembe kwa komeo la nje, tukaenda kanisani. Mzee Mkumbo hakuja ibadani. Mgongo ulimkamata, walisema. Tuliporudi mlango ulikuwa wazi, ukigongagonga kwa upepo, na ndani kulikuwa na sherehe. Kuku wote wa mama mkubwa walikuwa mezani. Nchi nzima inawasifu kuku wa Singida kwa utamu wao na hakuna anayeuliza wamekula nini. Wale walikuwa wamekula barabara ya Kiomboi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walikula uzio, walikula miti, walikula uji wote uliokuwa chini yake, na jogoo alikuwa anamalizia kigoda. Nyumba peke yake ilisimama katikati ya ungo mtupu, imedonolewa huku na huku, kwa sababu solusheni hata kuku haiwezi. Mama mkubwa aliketi chini akafunika uso. Nilidhani analia, na alikuwa analia. "Upepo," nikasema, "komeo limefunguliwa na upepo." Akafunua uso, akaangalia kizingiti cha mlango, kisha akainuka, akajifuta, akaiweka ile nyumba kwenye sinia la chakula. "Twende," akasema. "Wamekaa."

Wazee walikaa uani kwa duara, kama wakaavyo siku zote, na sinia likapita mkono kwa mkono kama ambavyo sinia hupita. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna kitabu kingenifundisha. Kila mzee aliyelipokea alilizungusha mpaka mlango mwekundu ukamtazama yeye, kwa sababu utachungulia vipi ndani bila hivyo? Alichungulia, akawaona njiti wamelala, akacheka, akasema, "Mlango unatazama huku. Vizuri." Akampa mwenzake, naye akalizungusha. "Huku. Vizuri." Mzee mmoja asiyeona sawasawa alitia kidole mlangoni, akaridhika kwamba kimeingia kikitokea kwake. Mwalimu Kitundu, aliyealikwa kueleza skeli, alifungua mdomo. Mama mkubwa akamtazama. Akaufunga. Sinia lilipomfikia Mzee Mkumbo, yeye mwenyekiti, alilishika akilitazama kama limetoka kaburini. "Uwanja wake uko wapi?" akauliza mzee mwingine. "Umeliwa na kuku, baba, tulipokuwa kanisani," nikajibu. Mzee Mkumbo akalizungusha sinia taratibu mpaka mlango ukamtazama, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi sina neno." Kiwanja kikapita.

Walipokuja kuona msingi, kelele ilisikika mpaka gengeni. Mlango mbona barabarani? Mama mkubwa alikuwa amebeba birika. "Ni ule ule mliouona, wazee wangu. Kila mmoja alisema unamtazama. Hapo ulipo, mkipita kwenda mnadani utawatazama wote, na chai itakuwepo." Wazee wakatazamana, wakamtazama mwenyekiti wao ili aseme, naye akajishughulisha na kuondoa mwiba kwenye ndara yake ya tairi. Chai ikanywewa. Fundi Jumanne, ambaye aliishika modeli mkononi tangu asubuhi mpaka jioni, akajenga nyumba sawasawa na ilivyo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakusema ameelewa. Mwezi ule ule matokeo yangu yalikuja, na hayakuwa ya kuning'inizwa ukutani. Mwalimu Kitundu akanivua aibu kwa kuivua kamba yake shingoni: alinipa ufunguo wa kabati. Nikaanza kuwatafutia watu vitabu, na sijaacha. Jambo moja la mwaka ule lilibaki bila maelezo. Tangu siku ya msingi, mama mkubwa akichinja kuku hakula tena firigisi. Aliiweka kwenye kisahani, akaifunika, akanituma kwa Mzee Mkumbo kwa maneno yale yale kila mara: "Mwambie shemeji ni yake. Mwambie imesaga vizuri." Nami nilipeleka, na mzee alipokea kwa mikono miwili bila kuniangalia. Watu wakasema mama Zakayo sasa ameshika adabu. Hata mimi niliamini hivyo.

Basi, siku ile ya kumaliza msiba, mke wa Zakayo alipokirudisha kinyumba juu ya kabati, nilitoka nikaketi barazani karibu na Mzee Mkumbo. Amezeeka sasa, meno machache, na kiti kile cha kutazama barabara hakuna anayethubutu kukikalia, maana amekikalia tangu nyumba ilipopigwa lipu. Nikamwamkia tena, akaitikia. Gari moja likapita, likatutia vumbi. "Elipendo," akasema, "wale kuku." Nikangoja. "Niliwafungulia mimi. Sikuwa na mgongo unaouma. Nilitaka waile yote, nyumba na barabara, msiwe na cha kuonyesha. Wakala barabara. Wakaacha nyumba! Na mimi ningesema nini? Ningesema jana niliiona barabara, wangeniuliza leo iko wapi." Alitikisa kichwa kama mtu anayelaumu kuku. "Halafu nimekuja kunywa chai hapa miaka yote, na ni pazuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Sikumwambia kamwe. Unadhani alijua?"

Nilitaka kusema sijui, nimfariji. Nikakumbuka mama mkubwa akiangalia kizingiti, mahali ambapo mtu mzito wa viatu vya tairi angeacha alama. Nikakumbuka kisahani cha firigisi. "Baba," nikamuuliza, "kuku akila punje, zinasagwa wapi?" Akanitazama. Aliwaza. Nikaona linavyomfikia, polepole, kutoka kwenye macho kwenda mdomoni, na nilifikiri atakasirika, au atalia. Alicheka. Alicheka mpaka chai ikamwagikia magotini, mpaka Zakayo akachungulia dirishani kuona nani anacheka kwenye msiba wa mama yake, na machozi yalimtoka ya aina mbili kwa pamoja, ya kicheko na ya kumlilia. "Miaka yote," alisema, "miaka yote nilikuwa namwona amenyenyekea." Mimi pia nililia, nikimtaka mama mkubwa wangu awepo aone sura ile.

Mke wa Zakayo akatoka na chakula. Siku hiyo walikuwa wamechinja, na kwa kuwa alikuwa amefundishwa na mama mkubwa mwenyewe, kisahani kilikuwa pembeni, kimefunikwa. Nilikipokea kwake kabla hajakipeleka. Nikapiga goti mbele ya Mzee Mkumbo kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa msichana, nikakinyoosha kwa mikono miwili. "Mama Zakayo anasema ni yako," nikamwambia. "Anasema imesaga vizuri." Akakipokea, akageuza kiti kidogo kuelekea barabara, akala.